Dakika Tatu za Verna Tjaden

Verna Tjaden alizaliwa katika mji wetu mdogo wa Wessel, akaolewa Wessel, na mumewe amezikwa hapa hapa, nyuma ya maghala ya mahindi. Shule ya mji alisoma yeye, akasoma mwanawe Dale, akasoma na mjukuu wake Marit, na jikoni mwa shule hiyo alipika miaka ishirini na sita. Kila tarehe mosi Oktoba, siku ya kuhesabu walioandikishwa ili jimbo litoe fedha kwa kila kichwa, alipika maharage ya nyama ya kusaga na mikate ya mdalasini. Watu wa majimbo mengine wakisikia vitu hivyo tunavila pamoja, tena sahani moja, wanakunja pua. Wakunje tu. Siku hiyo hata mwenye homa alikuja shule.

Mtu wa maneno hakuwa, na hapo ndipo penye kisa chote. Sisi watu wa Wessel tuna ugonjwa wetu: tukikanyagwa, sisi ndio tunaomba radhi. Jirani akikukatia mti uani kwako bila ruhusa, unampelekea keki asijisikie vibaya. Kwetu kulitenda baya ni kosa, lakini kulisema mbele za watu ni aibu, na aibu tunaiogopa kuliko kosa. Verna alilelewa hivyo, na ugonjwa huo ulimkolea kuliko wengi.

Marit alikuwa na miaka tisa mambo haya yalipoanza. Mama yake alijiendea zake zamani, na baba yake Dale anaendesha malori ya masafa marefu, kwa hiyo mtoto ni wa bibi. Ana kifafa tangu ana miaka minne. Shule ya mji, kwa kuwa ni ya umma na sheria inaibana, ilimwajiri mama mmoja aitwaye Joyce akae naye kutwa. Wenzake nao walijifunza. Marit akianguka, wawili wanasogeza viti, mmoja anamlaza ubavu, na darasa zima linahesabu sekunde kwa sauti ili Joyce ajue kama aite gari la wagonjwa. Wakimaliza wanarudi kwenye hesabu zao. Hakuna aliyecheka wala aliyekimbia.

Kisha zikaja vocha za masomo, hati za jimbo za kulipia ada hata kwenye shule isiyo ya umma. Wakubwa wa jimbo walisema pesa imfuate mtoto, mzazi achague, na mchana kutwa redio ilikuwa inaimba wimbo huo huo. Nani atapinga haki ya mzazi? Lakini wengi wa waliopewa vocha walikuwa wakisoma shule ya kanisa pale mlimani tangu chekechea, na wazazi wao wakilipa bila shida. Pesa ilimfuata mtoto ambaye hakuwa amekwenda popote! Baadaye ndipo wakaanza kuhama wa kwetu, mmoja mmoja, na kila aliyehama aliondoka na fungu lake. Mwalimu wa muziki akapunguzwa, muuguzi akawa anakuja siku mbili kwa wiki, paa la ukumbi likawa linavujia kwenye ndoo.

Wa kwanza kuhamisha walikuwa watu wa Arlys Boelman, wajukuu watatu kwa mpigo. Naye Arlys, niambie, alikuwa mjumbe wa bodi ya shule hiyo hiyo ya mji alikowatoa wajukuu zake. Ndiye aliyemsimamia Verna harusini, na ndiye aliyelala naye hospitali wiki mbili mumewe alipokuwa anakata roho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila Verna nguo ile aliipenda.

Marafiki wote wa Marit walipokwisha kuhama, Verna aliona asimwache mtoto peke yake. Akajaza fomu ya vocha na fomu ya shule ya kanisa, akapeleka. Baada ya wiki mbili likaja jibu, karatasi nzuri yenye nembo ya msalaba: hawana uwezo wa kumhudumia mtoto mwenye hali kama yake, na wanamwombea. Vocha anayo, mlango hana. Verna aliikunja barua akaitia kabatini, asimwambie mtu, hata Dale. Aliona kuitangaza ni kumchafua Arlys na kanisa lake.

Mwezi Machi bodi ikaitisha mkutano wa hadhara kuamua kama shule ya mji ifungwe. Ikifungwa, watoto waliobaki watapelekwa shule ya wilaya nyingine, saa nzima na dakika kumi kwa gari, kwenda tu, na Joyce hatakwenda nao. Verna aliujua uzito wake. Kwetu anayetaka kusema anaandika jina mlangoni, anapewa dakika tatu, kengele inalia. Verna, ambaye hajawahi kusema lolote kwenye mkutano wowote, aliandika jina lake. Halafu akapanga meza ya kahawa na mikate kwa ajili ya wote, waliotaka kufunga na waliotaka kubakiza.

Maneno yalikuwa mengi. Mkulima mmoja alisema ameilipia shule hii kodi miaka arobaini na sasa kodi yake inajenga kanisa la watu wengine. Kijana mmoja baba wa mapacha akamjibu kwamba watoto wake wanasoma mara moja tu, hawezi kusubiri shule inayokufa ipone. Naye alikuwa na hoja yake, sikatai. Wajumbe wa bodi ni watano, wawili huku na wawili kule, na wa tano, Renae Ubben, alisema wazi kwamba atapiga kura ya kufunga ikiwa tu atahakikishiwa kuwa hakuna mtoto wa Wessel atakayekosa nafasi hapa karibu.

“Pale mlimani hakuna mtoto anayerudishwa,” Arlys akasema.

Jina lililofuata kwenye orodha likawa la Verna. Alisimama, mikono ndani ya mifuko ya sweta. Kabla hajafungua kinywa, Arlys akaivuta maikrofoni.

“Verna, mwenzangu, wewe ndiye mwenye mtoto wa kuangaliwa kuliko sisi sote. Hebu waambie watu. Una lalamiko lolote na shule ya kanisa?”

Renae aliweka kalamu chini, akamtazama. Verna alimtazama Arlys, akaona uso ule ule uliokesha naye hospitali, na sentensi aliyoifanyia mazoezi jikoni siku nne nzima akaiacha.

“Kila mtu anajua la mtoto wake,” akasema. “Mimi sina neno na mtu. Kahawa bado ipo.”

Akakaa, dakika zake mbili na nusu zikiwa hazijaguswa. Kura zikawa tatu kwa mbili, shule ifungwe. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha Verna hakikuwa na mshindo wowote, kilimeza shule tu.

Tangu Agosti Marit akawa anachukuliwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, kwenye gari dogo la watoto sita wa miji ya jirani asiowajua, na dereva peke yake. Mwezi wa kumi na moja akaanguka humo ndani. Barabara ilikuwa na theluji, dereva hakuwa na pa kusimama, akaendesha hadi kituo cha mafuta. Mtoto aliletwa nyumbani kwa Verna na jino la mbele limevunjika, ulimi umekatika, suruali imelowa. Mtoto mmoja alikuwa amempiga picha za video.

“Bibi,” Marit akasema, “hakuna aliyehesabu.”

Verna alimwosha, akamlaza, akaenda kusimama chooni na kulia akiwa amefungulia bomba, mtoto asisikie.

Wiki moja baadaye Arlys akaja mchana, na mkoba wake mzuri. Shule ya kanisa imemaliza jiko jipya, akasema, na wazazi wote wanamuulizia Verna. Mshahara ni mzuri kuliko ule wa zamani. Hapo ndipo Verna alipoanza kusema. Alisema barua, alisema jino, alisema ulimi na video, alisema Joyce anayepanga bidhaa dukani sasa. Alisema bila kupaza sauti, dakika nyingi kupita tatu, na Arlys akamsikiliza mpaka mwisho, mkoba mapajani.

“Barua naijua,” Arlys akasema. “Nimo kwenye kamati iliyoiandika.”

“Basi kwa nini uliniuliza mimi, mbele ya watu wote?”

“Kwa sababu Renae alikuwa anayumba, na mwingine yeyote angesema ukweli.” Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. “Wewe nilijua hutasema. Ungeisema barua hiyo Machi, shule ingekuwa wazi mpaka leo.”

Na ilikuwa kweli, na Verna alijua ni kweli, na hilo lilimuuma kuliko barua. Alitafuta neno la kumtupia, baya kuliko yote aliyowahi kuyasikia. Arlys alikuwa amekwisha kusimama, anavaa glavu. Verna akamfungulia mlango, akamwambia aendeshe polepole, aangalie na kulungu, barabara ina barafu.