Suruali Yenye Goti la Shemeji

Niliingia dukani kutafuta koti kuukuu, nikakutana na goti la shemeji yangu.

Usicheke. Goti lenyewe lilikuwa nyumbani, limefungwa plasta. Lakini umbo lake lilikuwa pale, limetuna kwenye jinzi iliyotundikwa ukutani na kumulikwa taa kama kitu cha makumbusho.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Siku ya mapumziko mimi sikai ndani. Nazunguka mitaa ya mitumba. Kuna mtaa wa viatu, kuna wa makoti, kuna kichochoro cha saa mbovu na vioo vilivyopasuka. Siku hiyo nikajitosa mtaa ambao sasa ni wa watu wa mitindo.

Mtaa ule naujua. Palikuwa pa mafundi baiskeli. Tingatinga lilikuja alfajiri, wakaambiwa wanachafua mji. Leo baiskeli yenye kutu inaning'inia dirishani, eti pambo.

Kumbe uchafu ulikuwa wao, siyo baiskeli.

Sasa huyu shemeji. Ni mume wa mdogo wangu, fundi vigae. Wenzake walimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, maana sakafu yake ungeweza kuweka gololi na isiende popote. Akifanya kazi hupiga goti la kushoto tu. Kila suruali yake hufia hapo, na mdogo wangu huitia kiraka kwa uzi wa kijani. Alipewa rundo la uzi huo na fundi cherehani aliyehama, basi hadi shuka zao zina kijani.

Kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa na ukarimu wa ajabu. Suruali ikichakaa, msimamizi anampa mpya na kuichukua ile ya zamani. Sharti moja tu: usiifue.

"Hapo pana jambo," nikamwambia. "Tajiri hakupi kipya akachukua kikuukuu bure."

"Shemeji, wewe unatafuta ubaya mpaka kwenye suruali!"

Akanicheka mpaka akakohoa.

Halafu akaanguka. Ngazi za ghorofani, hazina kizuizi, mikono imebeba vigae. Mguu ukavunjika vibaya. Daktari akasema usipopasuliwa, atauburuza maisha yake yote.

Kampuni ikasema nini?

"Hatumfahamu."

Mkataba hakuwa nao. Nani pale alikuwa nao? Wenzake wakafyata ndimi, kila mmoja ana watoto. Baraza la kazi likatuambia tulete kitu cha kuonyesha kwamba alifanya kazi kwenye jengo lile, la sivyo shauri linafutwa na upasuaji tujigharimie.

Tungejigharimia na nini?

Ndiyo maana siku ile dukani niliisogelea ile jinzi. Goti la kushoto limetoboka. Kiraka. Uzi wa kijani.

"Hiyo ni ya kazi halisi," muuzaji akanisogelea, binti mwenye sauti ya kubembeleza. "Jasho lenyewe la fundi. Hatujaifua."

"Fundi gani?"

"Huyo hapo."

Nikageuka. Picha kubwa kama mlango! Pimamaji amepiga goti, anacheka, kofia ya kazi kichwani, na jina la kampuni limeandikwa kwenye kofia kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani.

"Duka hili la nani, mwanangu?"

"La Madam. Mume wake ndiye mkandarasi."

Aisee.

Barazani hawamjui, dukani wanamuuza.

Nikapiga picha kila kitu: picha, suruali, kibandiko cha bei. Binti akauliza kama nimeipenda. Nikamwambia, "Nimeipenda mno, nitairudia na watu."

Nyumbani mdogo wangu alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Shemeji aliitazama simu yangu muda mrefu.

"Nimetoka vizuri," akasema.

"Umetoka vizuri? Wamekuuza, baba!"

Akaikuza picha kwa vidole.

Siku ya shauri nikawahi barazani. Mdogo wangu naye akaja, kakumbatia mkoba. Shemeji aliondoka nyumbani mapema, akasema tutakutana huko huko.

Tukakutana kweli. Aliteremka kwenye gari la Madam, magongo kwapani, suruali mpya kabisa mwilini, bado ina mikunjo ya dukani.

Akaingia, akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya kufuta shauri, akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni.

"Shemeji, umefanya nini? Na mguu je?"

"Wamenipa kazi."

"Kazi gani, na mguu huo?"

"Ya kuvaa." Akatazama chini. "Nikae tu, nivae, nitembee tembee. Madam anasema nikiburuza, upande huu unachakaa namna ambayo hakuna mashine inayoweza. Ila mguu nisiutengeneze kwanza."

Nilitaka kupiga kelele. Nimepigia kelele tingatinga, nimepigia kelele polisi. Kwa mtu aliyekubali kubaki kilema ili suruali itoboke vizuri, kelele ningempigia nani?

Nikamgeukia mdogo wangu. "Na wewe umesikia haya, ukanyamaza?"

Akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na uzi wa kijani, mpya, rundo zima.

"Wateja wameupenda," akasema bila kunitazama. "Dada, watoto wanakula maneno yako?"

Nikamfungia mkoba, nikaenda zangu.

Lakini wewe unayesoma hapa na kupenda nguo zenye historia, nakuomba kitu kimoja. Ukikuta suruali imetoboka goti kwa uzuri wa kupendeza, kabla hujaijaribu, muulize muuzaji mwenye goti yuko wapi.

Halafu msikilize atakavyokubembeleza.