Gego la Kopo na Kiti cha Mwalimu

Fundi wa makochi aliyeitwa Kopo hakupewa jina hilo kwa ulevi wala kwa ufukara. Kinywa chake ndicho kilichokuwa kopo la misumari. Kila asubuhi alijaza misumari midogo thelathini au arobaini, akaibana shavuni kama tumbili na karanga. Ulimi uligeuza mmoja hadi kichwa kikatangulia, midomo ikausukuma nje, nyundo yenye ncha ya sumaku ikaja kuudaka na kuupigilia, na wa pili ulikuwa umeshachungulia. Mkono mmoja ulivuta kitambaa, wa pili ulishika nyundo, kinywa kikawa mkono wa tatu. Alifundishwa hivyo na baba yake mdogo, aliyefundishwa na mtu ambaye leo hakuna anayejua hata alipozikwa.

Siku hizi mafundi wana bunduki za pini. Pa! pa! pa! Kochi limekwisha kabla chai haijapoa, na kabla ya mwaka kwisha kitambaa kimelegea kama soksi ya mgonjwa. Watu wanaita hayo maendeleo.

Kopo alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mke mmoja, mapacha wawili walioolewa mbali, na gego moja la mwisho lililolala ndani ya fizi, upande wa kulia, kama mgeni aliyekataa kuamka. Kwa miaka miwili lilimsumbua. Alilinyamazisha kwa karafuu na maji ya chumvi, akajifunza kutafuna upande mmoja na kulala upande mmoja. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alimsihi mpaka akachoka.

"Baba Pacha, nenda ukang'oe."

"Limeshapoa."

"Limepoa wapi na shavu hilo? Umeweka andazi?"

Ukweli ni kwamba Kopo aliogopa. Alipokuwa na miaka minane alipelekwa kwa mjomba wake aliyeng'oa meno kwa koleo la fundi baiskeli. Watu wawili walimkalia miguu. Jino lilikatikia katikati, naye akamng'ata mjomba kidole. Si kila cha zamani kilikuwa dhahabu. Lakini mjomba yule, na kidole chake kilichofungwa kitambaa, alikaa na mtoto mpaka jioni akimpepea. Nani anakaa na mgonjwa wake mpaka jioni sasa?

Jumatatu moja gego liliamka na jirani zake wote. Kopo hakuweza kufungua kinywa kupitisha hata kijiko. Siku ile ilikuwa mbaya kuliko zote kuugua, kwa sababu karakanani kulikuwa na kiti cha Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka themanini na kitu, aliyemfundisha Kopo kusoma na kumchapa kwa kuchelewa. Jumamosi angehamia kwa mwanawe, safari ya siku mbili, na katika vyombo vyake vyote alikuwa amechagua kwenda na kiti kimoja: kile cha kuegemea alichokalia marehemu mumewe. Kilipigiliwa na baba mdogo wa Kopo, kabla Kopo hajajua kushika nyundo.

"Nakitaka kama kilivyokuwa," Mwalimu alisema siku alipokileta. "Misumari. Si vile vibanio vyenu vya karatasi. Nitakigeuza nikague."

"Jumamosi kitakuwa tayari, Mwalimu."

"Ulisema hivyo hivyo kuhusu hesabu za darasa la nne."

Kwa hiyo Kopo alikwenda kliniki ya meno. Alikaa kwenye benchi na karatasi yenye namba mkononi, kati ya watu waliokuwa wanatazama simu zao. Hakuna aliyemwambia mwenziwe pole, unaumwa nini. Mkewe peke yake ndiye aliyemshika kiwiko, nusu kwa huruma, nusu asitoroke.

Daktari alikuwa binti mwenye umri wa mapacha wake. Alimlaza kwenye kiti kinachopanda na kushuka, na Kopo, hata katika hofu ile, alikipapasa pembeni akagundua kuwa ngozi yake ni ya bandia na imebandikwa kwa gundi.

"Mzee, nitakupiga sindano ya ganzi. Ukiona maumivu, inua mkono wa kushoto, nitaacha."

Kopo aliinua mkono.

"Sijaanza, mzee."

"Nilikuwa najaribu kama inafanya kazi."

Daktari akacheka, mkewe akacheka, na Kopo akafumba macho. Hakuna aliyemkalia miguu. Alisikia mashine ikilia, akasikia mfupa ukisagwa ndani ya kichwa chake kama mtu anayesaga kokoto chumba cha pili, lakini maumivu hayakuja. Baada ya dakika arobaini aliambiwa ang'ate kitambaa laini kilichokunjwa, na gego likalazwa kwenye sahani ya bati, vipande vitatu, mizizi imepinda kama ndoano. Jasho lake lilikuwa limelowesha kiti mpaka mgongoni.

"Sasa sikiliza vizuri, baba," daktari alisema. "Damu itaganda kwenye shimo. Lile donge ndilo dawa. Usiteme mate kwa nguvu, usifyonze kitu, usivute sigara, usitie chochote kinywani isipokuwa uji uliopoa na dawa. Wiki nzima."

"Amesikia," alisema mkewe.

Alisikia. Ila daktari alifikiria chakula na sigara. Hakuna kitabu cha udaktari kinachotaja misumari. Na Kopo, katika akili yake, hakuhesabu misumari kuwa kitu kinachotiwa kinywani. Ilikuwa inakaa pale tu.

Jumanne alilala, shavu kama mpira, akinywa uji wa vuguvugu kwa kijiko cha chai. Jumatano aliamka na nafuu, akaingia karakanani "kutazama tu". Kiti kilikuwa wazi, springi zimeshafungwa kamba, katani imeshatandazwa, kitambaa cha kahawia kimeshakatwa. Kilichobaki ni kupigilia. Alivuta ukingo mmoja kuupima. Mkono wake ukachota misumari, na kabla hajafikiri, ilikuwa shavuni, upande wa kushoto, ule mzima. Alifanya kazi saa mbili nzima. Akafyonza, akasukuma, akatema. Akafyonza, akasukuma, akatema. Alipigilia upande wote wa mbele na hakukumbuka jino hata mara moja. Zilikuwa saa mbili nzuri.

Alhamisi asubuhi aliona kilichomtoa kanga manyoya. Maumivu yalitoka shimoni yakapanda sikioni, yakazunguka jicho, yakateremka shingoni. Ganzi haikuwepo, mjomba hakuwepo, na kinywa kilinuka kama mtungi wa kale. Mkewe alimkuta ameketi sakafuni, ameegemea mguu wa kiti cha Mwalimu.

"Umekula nini?"

Kopo alitikisa kichwa.

"Umevuta?"

Akatikisa tena. Ndipo mkewe alipotazama ule ukingo wa mbele, misumari imepangwa mstari mmoja kama sindano ya cherehani ilivyopita.

"Baba Pacha," alisema taratibu. "Baba Pacha, wewe ni mtu mzima au ni kopo kweli?"

Kule kliniki daktari alitazama shimo akakuta jeupe, mfupa uko wazi, donge limefyonzwa limekwenda zake. Aliposikia sababu aliomba aelezwe tena. Aliosha shimo kwa maji ya chumvi, akajaza kitambaa chembamba kilicholowekwa dawa, na ile harufu ilipopanda puani Kopo aliitambua: karafuu. Miaka miwili aliambiwa hayo ni mambo ya kizamani, sasa anatibiwa kwayo akiwa amelala chini ya taa kubwa.

"Wiki mbili, mzee. Msumari hata mmoja usipite mdomoni."

Njiani kurudi walikutana na jirani yao, fundi wa bunduki ya pini.

"Kopo, pole. Nikumalizie kile kiti? Nusu saa tu. Chini hakuonekani, nani atatazama?"

"Mwalimu," alisema Kopo kupitia meno yaliyofungwa.

"Bibi wa miaka themanini atageuza kiti?"

Kopo aliendelea kutembea. Alikuwa amechoka, uchovu ambao haukuanza wiki ile, uchovu wa kueleza jambo ambalo zamani mtu hakuhitaji kuelezwa. Karakanani alijaribu kuokota misumari kwa vidole kutoka kwenye bati lake la misumari: akaachia kitambaa, akaokota, akavuta tena, kitambaa kikawa kimeshajikunja. Baada ya msumari wa tano akaweka nyundo chini.

Mkewe alikuwa mlangoni. Katika miaka ishirini na tisa ya ndoa hakuwahi kukaa karakanani. Alisema manyoya ya katani yanampigisha chafya. Alivuta kigoda, akakaa karibu na kiti, akachota misumari.

"Nashikaje?"

"Kichwa kije kwangu. Ncha ibaki kwako."

Nyundo ilipokuja kuudaka msumari vidoleni mwake, alivuta mkono akapiga ukelele.

"Usiogope. Ukiogopa, inua mkono, nitaacha."

"Mikono yote ina misumari! Niinue mguu?"

Kopo alicheka, na kucheka kukamuuma mpaka machozi yakamtoka, akashika shavu, akacheka tena kidogo. Kisha wakaanza. Polepole, kama watu wanaovuka mto wakipapasa mawe. Alhamisi mpaka jua kuzama, Ijumaa kutwa. Mkewe alipiga chafya, akalaumu, akanyamaza, mwisho akawa anautoa msumari kabla nyundo haijaja. Sare za shule zilisubiri.

Jumamosi asubuhi lori lilisimama nje, injini inanguruma. Mwalimu aliingia na fimbo yake, hakusalimu sana.

"Kigeuze."

Kopo akakigeuza. Mwalimu aliinama, akapitisha kidole kwenye mstari wa misumari, pande zote nne, mpaka dereva akapiga honi mara mbili. Kidole kikasimama.

"Huu umepinda."

"Huo ni wa Mama Pacha, Mwalimu."

Mwalimu alimtazama mwanamke aliyesimama na katani nywelani, akatazama shavu la mwanafunzi wake wa zamani.

"Uacheni," alisema. "Pakieni."

Lori likaondoka na kiti, na hakuna mwingine aliyeleta kazi ya misumari mwezi ule wala uliofuata. Shimo lilijifunga. Daktari alimruhusu, na siku moja Kopo alijaza tena shavu lake ili kupigilia ukingo wa kigoda cha nyumbani. Ulimi uligeuza msumari kama kawaida, lakini ulikwenda kwanza kule nyuma, kupapasa pengo, na kazi ikawa nzito. Akaitema yote kwenye bati. Akavuta kitambaa kwa mkono mmoja, na ule wa nyundo akaunyoosha pembeni, hewani, pale vidole vya Mama Pacha vilipokuwa vikimletea msumari, akisubiri, wakati chumba cha pili cherehani ya mkewe ilikuwa ikiendelea na sare.