Andiko Ambalo Halikuwamo

Mwezi uliopita jirani yangu aliniletea samli kwenye kibuyu, ile ya kienyeji iliyokaa mpaka ikaanza kunukia moshi. Nilipochomoa kizibo tu, nikajikuta nimerudi nyumbani kwetu Issuna, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mtoto wa darasa la tatu, nimeshika Biblia ya mama. Msishangae. Biblia ya mama ilinuka samli. Jalada lake lilikuwa la ngozi, na mama alikuwa na desturi ya kupaka samli kila alichokipenda, kuanzia kamba za ng'ombe hadi miguu yetu iliyojaa magaga wakati wa kiangazi, basi na Biblia akaipaka isije ikapasuka. Panya waliipenda Biblia hiyo kuliko waumini wengi niliowafahamu.

Mama hakujua kusoma. Baba alifariki kabla sijaweza kuikariri sura yake, kwa hiyo maamuzi yote ya nyumba, makubwa kwa madogo, yalimwangukia mama. Naye alikulia katika nyumba ambayo hakuna jambo lililoamuliwa bila kuku kuchinjwa. Babu, baba yake mama, alikuwa mganga wa ramli. Mtu akitaka kusafiri, kuoa, au kuhamisha zizi, babu alimpasua kuku, akayatazama matumbo yake, ndipo mtu akajua la kufanya. Mama alipobatizwa aliyaacha hayo yote kwa moyo mweupe, na kuku wetu wakazeeka kwa amani. Lakini ile hamu ya kupewa jibu kabla ya kuinua mguu ilibaki naye.

Basi akajitengenezea njia yake. Alinawa mikono, akaomba kwa jina la Yesu, akafumba macho, akaifungua Biblia popote ilipofunguka na kushusha kidole. Mimi nilisoma kuanzia pale kidole kilipotua, mpaka aseme "Amina". Kurudia kulikuwa mwiko. Mwaka mmoja aliuliza kama tupande mtama au uwele, na kidole kikatua kwenye orodha ndefu ya watu waliozaa watu. Alifikiri sana, kisha akaamua tupande vyote viwili, maana uzao ulikuwa mwingi. Siku nyingine kikaangukia habari za tauni, akakataza mtu yeyote kutoka nje kutwa nzima. Hata maji hatukuteka. Tulishindia kiporo kikavu cha ugali wa mtama, na mate yetu wenyewe ndiyo yaliyokuwa mboga.

Kabla yangu msomaji alikuwa dada yangu Naomi. Lakini Naomi alikuwa na ulimi, na siku moja alisema, "Mama, Biblia yako hii ni kuku wa babu tu, ila ana kurasa." Mama hakumsemesha kwa siku mbili. Tangu hapo kazi ikawa yangu, nami niliipenda, maana pale kijijini hakuna mtoto mwingine wa umri wangu ambaye mama yake alimsikiliza hivyo.

Naomi alipomaliza darasa la saba, serikali ya kijiji ilimpendekeza aende Dodoma kusomea uuguzi. Zahanati yetu mpya ilikuwa na kuta nzuri na haina muuguzi. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuja akasema, "Shemeji, mtoto ni wako. Ukikubali, nami nimekubali." Mwenyekiti wa kijiji alitaka jibu Jumapili baada ya ibada. Naomi hakulisubiri. Alifua gauni lake la pekee, akalikunja na kuliweka chini ya godoro la majani linyooke, na kila alipotwanga aliimba.

Mimi sikuimba. Naomi ndiye aliyenibeba mgongoni siku tuliyohamia kijijini kutoka makazi yetu ya zamani. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenifundisha kusoma, ndiye niliyelala naye. Niliona wazi kwamba akiondoka, mimi nitakwisha.

Jumamosi alasiri, Naomi akiwa amekwenda kisimani, mama aliniita. Alikuwa amefunga tangu asubuhi. Aliomba kwa muda mrefu, kisha kidole kikashuka. Kilitua kwenye vipimo vya mapazia na nguzo, urefu wake na upana wake. Nikavuta sauti yangu ya kusomea, ile nzito ya kanisani, nikasema, "Na binti asitoke katika nyumba ya mama yake, maana huko aendako ni jangwa."

Mpaka leo nashangaa maneno yale niliyatoa wapi. Nadhani nilikuwa nimesoma sana.

"Amina," mama akasema, akaketi. Nilitazamia atafurahi kwamba mtoto wake anabaki. Badala yake uso wake ulinywea, akaitazama sakafu. Naomi aliporudi na debe kichwani, mama akamweleza. Naomi alilitua debe taratibu, akanigeukia.

"Liko kitabu gani hilo andiko, Damari?"

"Huko katikati," nikajibu.

Alinitazama mpaka nikaangalia pembeni. Alikwenda kulitoa gauni chini ya godoro, akalitundika kwenye kigingi chake cha siku zote. Jioni ile mlenda, ambao kwa kawaida huteleza wenyewe, ulinikwama kooni.

Kesho yake, baada ya ibada, mama alimfuata mwinjilisti Samweli, mtu mwembamba mwenye baiskeli aliyehudumu vijiji vitatu. Naomi na mimi tulikuwa nyuma yake. Tulimwamkia, kisha mama akasema kwa sauti ya kujikaza, "Mwinjilisti, Bwana Yesu amekataa Naomi asiende."

"Amekataaje, mama?"

"Kwa andiko."

"Andiko lipi? Nami nilijue."

"Damari," mama akasema, "mwonyeshe."

Nikafungua. Nikafunua kurasa kwenda mbele, nikarudi nyuma, nikaenda mbele tena. Jua lilinichoma utosi. Hakuna kitabu kirefu kama Biblia unapotafuta andiko ambalo halimo. Mwishowe machozi yakaanza kudondoka juu ya karatasi.

"Halimo," nikasema. "Nilitunga mimi. Sikutaka Naomi aende."

Nilikaza shavu kungoja kofi. Halikuja. Mama aliichukua Biblia mikononi mwangu, akaifunga.

"Kumbe muda wote huu," alisema polepole, "simwulizi Yesu. Namwuliza Damari."

"Mengine yote nilisoma sawasawa, mama!" nikaruka kujitetea. "Hata ile tauni ilikuwamo kweli!"

Mwinjilisti alicheka, akajaribu kugeuza kicheko kuwa kikohozi, akashindwa. Naomi naye akacheka huku akifuta macho. Kisha mwinjilisti akauliza, "Mama Naomi, wewe mwenyewe unataka nini?"

Mama aliinamisha kichwa kana kwamba ameulizwa jambo la aibu. "Nataka aende. Lakini naogopa. Baba yao aliondoka mzima, akarudi amebebwa."

"Yesu umemwambia hivyo?"

"Kumwambia? Nimemwuliza tu, aende au asiende."

"Basi mwambie. Wale wavuvi aliowaita hawakuambiwa safari itaishia wapi. Walimfahamu yeye, wakaenda naye. Kisomo cha watu wazima kinaanza kesho, njoo ujifunze, umsome mwenyewe tangu mwanzo. Usimdonoedonoe."

Mama alishusha pumzi, pumzi ndefu ambayo nadhani ilikuwa imekaa kifuani tangu enzi za babu. Kisha akaenda kwa mwenyekiti kusema ndiyo. Njiani kurudi alinifinya sikio, si sana, akasema, "Njia ya mwongo ni fupi." Adhabu yangu ilikuwa kuteka maji yaliyokuwa zamu ya Naomi kwa mwaka mzima, nami niliyateka kwa moyo mwepesi ajabu.

Wiki chache baadaye tulisimama kando ya barabara. Basi liliposimama, mama alimshika Naomi mkono akaomba, macho wazi, kwa sauti ileile aliyozungumza nayo na majirani. "Yesu, huyu ndiye Naomi. Naogopa. Basi lenyewe bovu, na dereva simjui. Dodoma mimi sijafika. Tangulia wewe." Dereva alisikia yote. Kondakta alivua kofia akangoja mpaka Amina.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliyepona siku ile ya kanisani ni mimi, niliyekwepa kofi. Nilipozaa wa kwangu, na wa kwangu wakaanza kuondoka, ndipo nilipomwelewa mama. Kile kidole kilikuwa hofu. Alilelewa akiamini kwamba aliye juu huficha jibu, halafu humwadhibu atakayekosea. Siku ile aligundua kwamba Yesu hakuwa amemtegea mtego kwenye kurasa, na kwamba anaweza kumweleza mambo yake kama yalivyo, kisha akainua jembe aende shamba. Alijifunza kusoma. Injili ya kwanza ilimchukua kiangazi kizima, neno kwa neno, na tulipompita pale mlangoni alitusimulia Yesu alikofika.

Alipokuwa mzee nilimwuliza kama aliwahi kupata jibu kuhusu safari ile ya Naomi.

"Sikupata," alisema. "Niliogopa mpaka barua yake ya kwanza ilipofika. Ila sikuogopa peke yangu tena."