Beringi za Kitrekta cha Baba

Baba alinipigia simu asubuhi nikiwa kwenye cherehani, namalizia sare za shule. Hakungoja hata nimwamkie.

"Gurudumu la mbele limelala," alisema. "Limeinamia ndani kama linataka kuanguka. Fundi wa huku ananiambia nigongelee kabari ya mti. Njoo uone mwenyewe."

Kitrekta chenyewe kilikuwa cha kukatia majani. Kwa miaka mingi baba alikiendesha kwenye bustani ya hoteli moja ya wageni upande wa Utende, na mwenye hoteli alipofunga na kurudi kwao akamwachia. Kilikuwa kizee tayari. Baba akakipeleka nyumbani Kirongwe, akavua visu vya chini, akafunga tela nyuma, kikawa cha kubebea nazi na madumu ya maji. Baadaye sukari ikamla mguu. Walimkata wa kulia, chini ya goti, na tulipomrudisha kisiwani kwetu kutoka hospitali ya bara sote tulijua mambo ya shamba yamekwisha. Lakini kitrekta kile klachi na breki ziko kwenye pedali moja, ya kushoto, na mafuta ya kuongeza mwendo unatia kwa mkono, si kwa mguu. Kidonda kilipokauka tu, mama alitoka jikoni akamkuta mumewe amekaa juu ya kiti, magongo kayafunga ubavuni kwa mpira wa baiskeli, anaelekea kwenye minazi.

Nilipanda gari kutoka Kilindoni siku hiyo hiyo. Baba alikuwa barazani ananisubiri, na jeki iko tayari chini ya ekseli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Litikise."

Nikalishika gurudumu kwa mikono miwili, nikalitikisa, likacheza huku na huku kama jino bovu. Tulipolitoa, beringi moja kati ya zake mbili ilitoka vipande. Gololi nyingine zilikuwa zimepasuka, nyingine hazipo kabisa, na kilichobaki ndani kilikuwa uji mweusi wa grisi na mchanga. Chuma cha ekseli kilikuwa bado kizima, alhamdulillahi. Nikaifuta beringi iliyokuwa na nafuu, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwa na safari ya Dar kwenda kununua vitambaa, kwa hiyo kazi ya kuzitafuta ikawa yangu.

Mama aliniita jikoni. Alikuwa anakuna nazi na hakuacha kukuna.

"Unajua kwamba alipinduka?"

Sikujua.

"Kule bondeni, penye mihogo. Hakuniambia. Nilikuta majani ndani ya kofia yake na damu kwenye kiwiko. Nilipomuuliza akasema kajikwaruza kwenye mnazi." Akainua kifuu, akakitazama, akachukua kingine. "Na macho yamekwenda. Juzi kaniamkia mimi, kanidhani ni jirani. Mtu haoni mkewe, anaendesha gari."

"Umemwambia?"

"Namwambia kila siku. Wewe ndiye anakusikiliza." Hapo ndipo aliponitazama. "Ukifika huko, sema hazipatikani. Ni kitu cha zamani, hata yeye ataamini. Sikuombi kingine."

Nikachukua mfuko wangu wa beringi, nikaaga. Ndani ya boti ya kwenda Nyamisati niliupakata ule mfuko, na kila nilipoutazama niliyasikia maneno yake. Hakuwa mtu wa kusema uongo, mama yangu. Kuniomba niuseme kwa niaba yake kulimgharimu, nililiona hilo usoni mwake.

Kariakoo niliingia maduka kadhaa ya spea kabla sijampata muuzaji aliyekubali kuipima. Alibana beringi kwa kipimo cha chuma, ndani, nje, kisha upana, akatikisa kichwa.

"Dada, hii ni ya inchi. Tulizonazo nyingi ni za milimita." Akaniletea moja. "Hii inakaribiana. Itaingia, ila kwenye ekseli itapwaya kidogo. Watu wanazungushia kipande cha kopo, maisha yanaendelea."

"Anayeendesha ana mguu mmoja," nikamwambia.

Akaichukua ile beringi mkononi mwangu kwa upole, akairudisha kwenye kabati. Akapekua nyuma kwa muda mrefu, akarudi na aina mbili za inchi. Ya kwanza ilikuwa ya bati jepesi, wazi pande zote, gololi zinaonekana. Alisema wanazifunga kwenye matoroli. Ya pili ilikuwa nzito, imezibwa kwa mpira huku na huku. Zote mbili zilikuwa na ukingo kama ule wa beringi yetu, ule unaoizuia isizame ndani ya gurudumu.

"Tofauti yake?"

"Ya wazi lazima uipe grisi mara kwa mara. Ukisahau, mchanga unaila. Hii ya mpira huigusi. Imeshatiwa grisi yake humo ndani."

"Na ikitaka kufa inaonyesha dalili?"

Alicheka. "Hiyo ya wazi inalia mapema. Hii inanyamaza mpaka imechoka kweli."

Nilisimama pale kaunta na beringi moja katika kila kiganja. Nilifikiri habari ya kilio. Baba haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima. Beringi inayolia angeisikia. Kisha nikamfikiria anapaswa kushuka, kulala chini kwa ubavu, kupenyeza mkono kutia grisi, na mguu mmoja. Asingeweza. Angefanya mama, ambaye hataki hata kukiona kitrekta chenyewe. Na njia zetu kule ni mchanga mtupu.

Nikatoka nje, nikapiga simu nyumbani. Nilitaka kuongea na baba. Akapokea mama.

"Umezikosa?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu anayesikilizwa na mwingine aliye karibu.

Pikipiki zilikuwa zinapita, nikaziba sikio moja. Ningeweza kusema neno moja tu, ndiyo, na jambo lote lingeishia pale barabarani.

"Zipo, mama."

"Haya," akasema, na simu ikakatika.

Nilinunua zile za mpira, za magurudumu yote mawili, maana upande wa pili ulikuwa na umri ule ule.

Niliporudi Kirongwe, mama alinipokea vizuri, akanipa chakula, akaniuliza habari za vitambaa. Kuhusu beringi hakutia neno. Hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza. Baba alikaa juu ya mkeka karibu na gurudumu, mimi nikiwa na nyundo na kipande cha ubao.

"Gonga ukingo wa nje! Usiguse katikati, utaziua kabla hazijafanya kazi."

Zikaingia taratibu. Tulipofunga pini nikalizungusha gurudumu kwa kidole, likazunguka bila sauti. Baba aliliwekea kiganja, akalisikiliza kwa mkono.

"Mama hataki uendeshe," nikamwambia.

"Najua."

"Na macho?"

"Naona kivuli cha kitu. Mnazi naujua ulipo, niliupanda mwenyewe." Akajifuta grisi kwenye msuli aliojifunga kiunoni. "Nikikaa barazani kutwa, mtakuwa mmenizika na mimi bado napumua. Mwambie mama yako hivyo."

"Mwambie wewe."

Aliniahidi hatatoka shambani kwenda barabarani. Na ahadi hiyo aliishika.

Kilichotokea kilitokea humo humo shambani, wakati wa kuangua nazi. Mama alikuwa ameinama anakusanya zilizoanguka, kajitanda kanga yake ya rangi ya udongo. Baba alikuja na tela tupu. Alimwona, lakini alimwona kama rundo la makuti, na kwenye makuti ndiko alikotaka kusimama. Mama alisikia injini inakaribia, akadhani atakata kona kama siku zote. Alipogeuka gurudumu lilikuwa limeshafika kwenye kanga. Akapiga ukelele. Baba akakanyaga pedali kwa mguu wake wote, kitrekta kikasimama, na mama akaanguka kwa kujivuta nyuma. Hakuumia zaidi ya mkono kuteguka.

Aliyenisimulia ni mama. Alisema baba alizima injini akabaki amekaa, anauliza, "Ni wewe? Ni wewe?" hata baada ya kujibiwa. Kisha akaomba magongo yake, akashuka, akatembea mpaka nyumbani bila kupumzika. Tangu siku hiyo hakuushika tena usukani. Hakuna aliyemkataza.

Nilikwenda kuwaona. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, na maneno ya kujitetea nilikuwa nayo: kwamba gurudumu bovu lingemwua mapema zaidi, kwamba kama ningemdanganya angeipigilia ile kabari akaendelea. Mpaka leo naamini hivyo. Lakini mama hakunilaumu. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa, naye alikuwa anapanga nazi barazani kwa mkono mmoja. Baba alikaa pembeni yake, uso ameuelekeza kwenye sauti ya nazi zinazogongana.

Nazi hazikungoja. Vijana wa kubeba walipatikana siku moja, siku ya pili hawakuja. Mkono ulipopona, mama akapanda juu ya kiti cha kitrekta, kanga kaikaza kiunoni, akaniambia nisisimame karibu. Baba alikuwa ndani ya tela, ameshika mbao za ubavuni.

"Achia taratibu! Taratibu, mwanamke!"

"Nyamaza nisikie injini!"

Kikaruka kama mbuzi, kikazimika. Akawasha tena. Safari ya tatu kilikwenda mpaka kwenye minazi, wakigombana njia nzima, na nilipocheka niligundua kwamba machozi yananitoka.

Hivyo ndivyo wanavyofanya mpaka sasa. Baba ameacha kuuliza ni nani amekaa karibu yake, anangoja aongee. Na mimi, simu ikiita asubuhi na nikaona ni ya nyumbani, nainua kwanza mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani, isimame kabisa, kisha ndipo naipokea.