Picha ya Yaya kwenye Kiti cha Bwana Harusi

Lubumbashi, Jumatano jioni. Admini wa kundi, nakuomba ufiche jina langu na la parokia yetu. Nimeahidi mbele ya Mungu kwamba leo nitasema yote, hata yale yanayoniaibisha.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko mwaka wa mwisho wa sekondari kwa masista. Sisi ni Wakatoliki tangu babu, aliyefanya kazi ya reli. Tuko watoto wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya. Alipopata nafasi ya kusoma Ubelgiji, baba yetu, Papa, aliuza kiwanja chetu cha upande wa Luano ili alipe safari. Watu walimcheka. Yeye alijibu, "Bengine banaweka feza mu banki. Miye naweka mu mutoto."

Na kweli, mtoto hakumwangusha. Yaya alipata kazi, akaanza kutuma. Kwa pesa hiyo Papa amelima shamba la mahindi Lukafu na sasa anajenga nyumba ya mashine ya kusaga. Karo yangu pia inatoka kwa Yaya. Papa akirudi kutoka Lukafu anakuwa na furaha, lakini mvua ikikosekana anasema labda ameuza kiwanja bure.

Tangu mwaka jana Papa anataka Yaya aoe. Amemchagua dada mmoja wa kwaya yetu, nitamwita Solange. Ndiye aliyenifundisha kuimba zaburi na ndiye anayenisuka nywele. Yaya hana ruhusa ya kusafiri sasa, kwa hiyo mahari itatolewa bila yeye. Nyinyi mnajua inavyofanyika: ndugu wa bwana harusi anakalia kiti chake karibu na bibi harusi, akiwa ameshika picha ya bwana. Mzee wa familia akiuliza, "Unamukubali huyu?", yule aliyeshika picha anajibu kwa jina la mwenye picha. Nimechaguliwa mimi. Ni Jumamosi hii.

Wiki mbili zilizopita Yaya alinipigia. Alianza kwa kuniuliza habari za masomo, kisha akasema:

"Mudogo wangu, miye iko na muntu. Tunakaa pamoja. Tutaoana kule ku komini, kwa serikali."

Nilifurahi, nikauliza, "Anaitwa nani?"

Akataja jina la mwanaume.

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Yaya, acha michezo." Akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumsikia Yaya akilia. Nikamuuliza swali la kwanza lililonijia: "Na kanisa?" Akasema bado wanaenda misa, wanakaa nyuma. Walimwomba padri wa kule awafungishe ndoa, padri akasema ile haiwezekani, ila aliwapa mkono na kuwaombea. "Ile mukono tu," Yaya alisema, "nilirudia nayo nyumba kama vile nimepewa kitu."

"Sasa juu ya nini ulimwambia Papa ndiyo?"

"Niliogopa. Papa aliuza kiwanja juu yangu. Ngojea kwanza mashine itembee, mudogo. Ikitembea, hata akinifukuza, batakula."

Katekisimu naijua kwa moyo, na Yaya namjua pia. Ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda hospitali nilipougua malaria.

Picha aliyotuma ameikata upande, lakini mkono wa mtu umebaki begani mwake. Papa ameikuza na kuiweka kwenye fremu. Mama aliuliza, "Hii mukono ni ya nani?" Shangazi akajibu, "Itakuwa ya padri. Si unaona namna iko safi?" Wote wakacheka. Mimi niliingia jikoni kusonga bukari, ugali wetu, hali maji yalikuwa hayajachemka.

Jumapili padri wetu alieleza kwamba baraka ya watu wa jinsia moja inayozungumzwa huko Ulaya, huku kwetu haitafanyika. Njiani Papa alisema, "Mutoto wangu akifanya ile, shamba naichoma na mahindi yake. Nitasema nilizala binti tu." Alisema akiwa ametulia, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Sijui kama anajua kitu.

Jana Solange alikuja kunisuka kwa ajili ya Jumamosi. Alikuwa anaimba. "Wifi, usinitetemeshee ile picha," akanitania, "batu batasema bwana yangu iko na homa!" Nilicheka kidogo. Kisha vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

"Niambie kweli. Yaya yako ananipenda? Haniandikiaka. Miye nilikataa ule bwana wa forodha ya Kasumbalesa juu yake."

Nikasema, "Kazi iko mingi kule." Akaendelea kusuka. Hakuimba tena.

Baada ya hapo nilimpigia Yaya, nikamwomba amwambie Solange mwenyewe kabla ya Jumamosi. Amesema atajaribu. Namwombea rozari kila jioni, na bado natumaini simu ya Solange italia. Mpaka saa hii Yaya hajaniambia kwamba amempigia.

Nikimwambia Solange, atawaambia wazazi wake, na Papa atajua. Yaya atakosa baba, nyumba ya mashine itabaki kuta tu, nami labda nitaacha shule. Nikinyamaza, dada aliyenifundisha kuimba ataolewa na fremu, atangoja miaka, na mimi ndiye nitakuwa nimemfunga.

Mama zangu, dada zangu, tafadhali nijibuni kabla ya Jumamosi, msinitukanie kaka yangu. Mzee atakaponigeukia, picha ikiwa magotini mwangu na Solange ameketi karibu, na kuniuliza, "Unamukubali huyu?", niseme nini?