Nyumba Ambayo Uso wa Yasmin Haukufika

Kulikuwa na wakati mtaa mzima kule Bigwa ulikuwa na simu moja, na simu hiyo ilikuwa ya Abasi. Aliisubiri miaka na miaka, akiambiwa laini hazipo, nguzo hazipo, rudi mwakani. Ilipofika akaiweka sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, akaitia kufuli dogo kwenye duara la namba, na majirani wakawa wanakuja kupokea habari za misiba na harusi huku wamevua viatu mlangoni. Sokoni Abasi alikuwa muuza viungo tu, iliki na mdalasini na pilipili manga za kutoka Matombo, lakini akiwa na simu ile alijiona mtu kati ya watu.

Halafu likaja soko huria, na kila kampuni ikaja na minara yake. Vijana wa mitumba wakaanza kutembea na simu mifukoni. Hilo Abasi alilimeza. Kilichomkwama kooni ni dishi la shemeji yake.

Shemeji huyo alikuwa Hashimu, kaka mkubwa wa mke wake Chausiku, mstaafu wa serikali aliyejenga Kihonda, kule kwenye uwanda ambako hakuna kinachoziba upepo wala kitu kingine chochote. Yasmin, binti pekee wa Abasi, alipokwenda India kusomea ufamasia, Hashimu aliita kampuni moja ya mtandao, wakamfungia dishi dogo juu ya paa, likielekea mnarani. Tangu hapo, kila Jumamosi baada ya alasiri, uso wa Yasmin ulitokea kwenye kompyuta ya mjomba wake, akicheka, akisogeza nywele, sauti ikisikika mpaka uani.

Na Abasi je? Abasi alikuwa na mtandao wake, usidhani hakuwa nao. Ulipita kwenye waya wa ile simu yake. Kompyuta aliyoachiwa na Yasmin ililia, ikakoroma, ikapiga miluzi, na ikibahatika kuunganishwa, barua ya mistari minne ilishuka kwa mwendo wa kinyonga. Naye Abasi, akiandika kwa kidole kimoja, kabla hajamaliza salamu mtu angepiga simu kuulizia bei ya iliki, na kila kitu kikakatika. Picha aliyowahi kutumiwa ilianza kushuka kutoka juu: ukaja ukingo wa mtandio, likaja paji la uso, ikakwama kwenye nyusi. Alizikodolea nyusi za mwanawe mpaka umeme ukakatika.

Mtu mwenye akili timamu angepanda gari akaenda Kihonda kumwona binti yake. Abasi alikwenda mara moja tu, Jumamosi ya kwanza kabisa. Alikuta kiti cha mbele amekalia Hashimu, yeye akapewa stuli ya pembeni. Yasmin akamwamkia mjomba kwanza, akamsimulia mjomba habari za chuo, kisha sauti ikasema, "Baba, sogea kidogo basi, sikuoni vizuri." Sogea! Aambiwe asogee, ndani ya nyumba ya mtu mwingine, ili aonekane kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe! Alirudi nyumbani na wivu umemjaa mpaka chakula kikamshinda, akaapa hatakanyaga tena pale siku ya Jumamosi. Ukapita mwaka mzima. Chausiku alikwenda peke yake, akarudi na habari. "Kanenepa," anasema. "Kajifunza kupika chapati za kule." Abasi hujifanya anachambua karafuu, na masikio yote yako kwake.

Msinielewe vibaya, Hashimu hakuwa mtu mbaya. Na kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo, ukoo wa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Abasi alizaliwa na kukulia humo, hakuhitaji kufundishwa. Lakini kujua jambo hakumzuii mtu kuumwa nalo.

Ndipo ikaja posa. Rashidi, kijana wa reli kutoka Kisaki aliyesoma na Yasmin sekondari, alituma wazee wake, nao wakaenda moja kwa moja Kihonda kwa mjomba, kama ilivyo desturi. Hashimu aliwapokea, akamtumia Abasi ujumbe wa heshima kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi binti ataulizwa kwenye kompyuta, mbele ya wote, kama anaridhia.

"Ataulizwa wapi?" Abasi akamaka. "Kwake? Msikitini walii ni nani? Si mimi? Ndoa itafungwa kwa mdomo wangu, halafu binti yangu aseme ndiyo kwenye nyumba ya Hashimu, mimi nimekaa kwenye stuli?"

"Sasa baba Yasmin, na ile mashine yako inayokoroma utamwuliza vipi?" akajibu Chausiku.

Hapo ndipo Abasi alipoianza safari ya kutafuta mtandao. Aliacha meza ya viungo kwa jirani, akazunguka mji. Alikwenda Mazimbu kwa Ernest, mhadhiri aliyekuwa mteja wake wa mdalasini, akaonyeshwa dishi kubwa la setilaiti la chuo. Ernest akamweleza jinsi mawasiliano yanavyopanda angani na kushuka, na kwamba mvua kubwa huyavuruga. Abasi akauliza swali moja, "Linaonyesha uso?" Linaonyesha, lakini mtu wa kawaida hafungi kitu kile nyumbani. Akaenda dukani mjini, wakamwunganishia kompyuta kwa simu ya mkononi. "Inaonyesha uso?" Uso ulikuja wa vipandevipande, mdomo unacheka huku macho hayajafika. Kila alikopita hakuuliza kasi wala uimara. Aliuliza uso, na kimoyomoyo aliuliza kama mtandao huo utaushinda wa Hashimu.

Mwisho akamwita Abuu, fundi wa kampuni ileile iliyomfungia Hashimu. Abuu alipanda paa la Abasi, akageuza dishi huku na huku, akashuka anatikisa kichwa.

"Mzee, hapa mnara hauonekani. Kile kilima cha nyuma ya nyumba kimetuziba. Dishi lisipouona mnara ni sufuria tu. Labda tusimike mlingoti kule juu ya kilima, tushushe waya mpaka ndani."

Kilima kile, pamoja na migomba yake, kilikuwa ardhi ya ukoo wa mke wake, na msemaji wa ukoo huo alikuwa nani kama si Hashimu! Yaani ili amshinde Hashimu, inabidi akamwombe Hashimu ruhusa. Alizunguka na jambo hilo wiki nzima, hasemi na mtu, akimkaripia hata paka.

Chausiku alipomtoa maneno hayo mdomoni, alicheka mpaka akakaa chini.

"Miaka yote umeishi na Waluguru, na Mluguru ni wewe mwenyewe! Ardhi ile ilikuwa ya mama yangu, na binti yake ni nani? Hashimu anaisemea tu, mwenye nayo ni mimi. Ungeniuliza toka siku ile. Nendeni mkachimbe, lakini migomba yangu msiiguse."

Shimo likachimbwa, mlingoti ukasimama, waya ukashuka kilimani hadi dirisha la sebule. Abuu akawasha, akafungua picha ya kujaribia, nayo ikaja yote kwa mkupuo. Abasi akaona raha ambayo hakuwahi kuiona tangu siku alipofungiwa simu. Siku hiyohiyo akampelekea shemeji yake ujumbe: Jumamosi wageni wote waje Bigwa.

Walikuja. Wazee wa Kisaki walikaa kwenye makochi. Hashimu alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mkungu wa ndizi mkononi. Abasi alikuwa amekwisha panga viti: cha mbele chake, na pembeni, kwa makusudi kabisa, stuli. Hashimu akaikalia bila kinyongo, akaangalia kioo, akasema, "Shemeji, hii yako imeipita yangu kwa mbali. Yangu haina weupe huu."

Sifa ile ilimkera Abasi. Alitaka Hashimu aumie japo kidogo, naye anasifia!

Kompyuta ikalia. Uso wa Yasmin ukajaa kiooni, mzima, na nyusi zake na macho yake, na kidevu ambacho sasa kilikuwa cha mtu mzima. Abasi alikuwa ametayarisha maneno ya kizee ya kuanzia. Yote yakamtoka kichwani.

"Baba!" Yasmin akapiga ukelele, mkono mdomoni. "Shikamoo baba! Jamani, umerudi lini?"

"Marahaba mwanangu. Nimerudi? Kutoka wapi?"

"Si safarini! Kila Jumamosi nikimwuliza mjomba, baba yuko wapi, ananiambia uko milimani unafuata iliki, mara uko Mkuyuni mnadani, mara gari limekwama Matombo. Nikimwuliza mama, anasema nimwulize mjomba. Mwaka mzima, baba! Mjomba akaniambia nisilalamike, baba yako anahangaika ili wewe usome, hakuna anayekupenda kumzidi yeye. Nimekuwa nawasimulia wenzangu hapa hivyohivyo."

Wazee wa Kisaki walitikisa vichwa kwa heshima, wakimwangalia baba aliyejitoa namna ile kwa mwanawe. Chausiku akajifanya anafuta vumbi mlangoni. Hashimu alikuwa ameinama, anaivuta vizuri kofia yake iliyokuwa vizuri tayari.

Abasi akahesabu moyoni Jumamosi zote alizokaa hapa anachambua karafuu kwa hasira. Mwanawe alikuwa akimwulizia. Na kila alipomwulizia, mtu huyu huyu aliyemchukia alikuwa akimsitiri, wiki hadi wiki, bila hata kumtumia neno la kumsimanga. Sifa yote aliyokuwa nayo kwa mtoto wake, Hashimu ndiye aliyeijenga. Angesema ukweli, angeivunja mwenyewe, mbele ya wakwe. Angenyamaza, angemeza uongo alioupika Hashimu.

"Nimerudi jana, mwanangu," akasema.

"Umekonda, baba. Usiende tena."

"Siendi tena."

Akaona macho yanataka kumsaliti, akainuka. Akamshika Hashimu mkono, akamkalisha kwenye kiti cha mbele. "Mjomba wako ana neno la kukuuliza," akasema, akaikalia stuli. Miaka yote alikuwa amemwonea Hashimu wivu wa kiti, wa dishi na wa desturi. Siku ile alimwonea wivu wa moyo wake, na huo ndio uliomchoma kuliko yote.