Mwanya Niliouziba Ukingoni mwa Bwawa

Nimepiga magoti sehemu nyingi maishani, kanisani na kwenye sakafu za watu, lakini sijawahi kupiga magoti huku nacheka mpaka mwiko wa uashi unaniponyoka mkononi, isipokuwa wiki ile tuliyotengeneza bwawa la kuogelea kule Njoro. Nina miaka sabini na mmoja. Kucheka hivyo katika umri wangu ni hatari. Kiuno hakina utani.

Bwawa ni la mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndio tuliolijengea ukingo miaka kumi na miwili iliyopita: mawe bapa ya juu, na chini yake mstari wa vigae vya buluu pale maji yanapofika. Kati ya mawe hayo na sakafu ya zege inayozunguka bwawa, shemeji alitaka tuache mwanya wa upana wa kidole na kuujaza silikoni laini, ile gundi inayobonyea kama mpira. Alisema zege likipata jua hutanuka, kwa hiyo tuliachie mahali pa kwenda. Nikakataa. Nakuru nilikojifunzia kazi, fundi mzuri alikuwa yule ambaye maungio ya kazi yake hayaonekani. Mwanya ulikuwa aibu. Shemeji alipoenda kula chakula cha mchana niliuziba kwa saruji, nikaulainisha mpaka ukapotea, kisha nikasimama nikiutazama kama mtu aliyepata mtoto.

Kiangazi cha kwanza mawe yakainuka upande wa jua, na vigae vikapasuka. Mama alituita akauliza kosa ni la nani. Shemeji alinitazama, akisubiri niseme. Nikasema huyu ndiye aliyechanganya saruji, na alitia mchanga kupita kiasi. Nilisema hata kwa sauti ya huruma, kana kwamba namwombea msamaha. Mama akamwambia atoke na asirudi. Njoro ni ndogo. Kufikia Jumapili hakuna aliyemtaka kazini. Akarudi Subukia kwa ng'ombe wa baba yake, na tangu siku hiyo hakula tena nyumbani kwangu.

Nikalitengeneza bwawa peke yangu, na mwanya nikauziba tena! Kuuacha wazi kungekuwa kukiri. Lilipoharibika mara ya pili nilimwambia mama kwamba ni ardhi. Kwetu sababu hiyo haikosi wa kuiamini. Kila mtu amewahi kuona ufa umekata shamba baada ya mvua, na kila mtu amesikia kwamba Bonde la Ufa linapanuka. Mama alitikisa kichwa akanipa pole, kana kwamba Bonde lilikuwa mgonjwa wangu.

Mwaka huu akanipigia simu. "Fundi, mtoto wa mgeni amekatwa kidole cha mguu na kigae. Njoo uone."

Nikaenda, nikagonga mawe kwa mpini wa mwiko, moja baada ya jingine. Jiwe lililoshika hutoa sauti kavu. Lililoachana na saruji hulia kama debe tupu. Upande wote wa jua ulikuwa debe. Magoti yangu hayangeweza tena kazi ile peke yao, na uongo ule nilikuwa nimeuchoka kuliko magoti. Kesho yake nikaenda Subukia.

Shemeji alikuwa anakamua. Hakugeuka.

"Umekuja kushtaki ng'ombe sasa? Maziwa yake yana mchanga?"

Kicheko kikanitoka kabla sijakizuia. Yeye hakucheka.

"Shemeji, nilikukosea. Mwanya niliuziba mimi. Saruji yako ilikuwa sawa."

"Hiyo najua, nilikuwa hapo. Mwambie mama."

"Tutamwambia."

"Tutamwambia na nani? Wewe. Mimi nitasimama kwa geti. Ukishasema, naingia tufanye kazi. Usiposema, narudi kukamua ya jioni."

Na kweli, tulipofika kwa mama, alisimama. Gambuti miguuni, gunia la vifaa begani, wima kabisa. Mimi ndani nikaanza kuzunguka. Nikasifu maua ya mama. Nikaulizia presha yake. Nikapima kwa pimamaji jiwe ambalo halikuwa na shida yoyote. Kila nikigeuka naona kofia ya shemeji juu ya geti, haisogei hata kidogo.

"Kwani yule nje ni nani?" mama akauliza mwishowe. "Amesimama hapo kama nguzo ya stima."

Nikasema. Nilisema yote bila kupumua: mwanya, chakula cha mchana, mchanga, ardhi.

"Hata ardhi?" mama akauliza.

"Hata ardhi, mama. Ardhi haina kosa."

"Mimi nimewaambia wageni miaka yote hii kwamba Bonde linapasukia hapa kwangu! Kuna mmoja alihama chumba!"

Niliona hasira ikimpanda usoni, nikainamisha kichwa ningoje kufukuzwa. Badala yake akavaa ndala akatembea mwenyewe mpaka getini. Nikamsikia: "Fundi, nilikufukuza bila kukusikiza. Nisamehe. Ingia." Shemeji akavua kofia.

"Nitaingia, mama. Lakini leo mawe naweka mimi. Huyu atachanganya."

Nikawa mwepesi kama mtu aliyeteremshiwa gunia. Nilikimbilia beleshi, sijakimbilia beleshi tangu ujana wangu.

"Mzee, hii ni saruji ama uji wa mgonjwa?" shemeji akapaza sauti kutoka ndani ya bwawa tupu.

"Samahani, boss."

"Mchanga umeweka ngapi?"

"Tatu kwa moja."

"Una uhakika? Nimesikia hapa kuna watu hutia mwingi."

Mama, aliyekuwa kwenye baraza, aliweka kikombe chini ili asimwage chai. Nami nikaegemea beleshi, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Siku ya pili alinipa kipande cha mbao chenye upana wa kidole. Kila alipoweka jiwe, kazi yangu ilikuwa kukipitisha kati ya jiwe na zege. "Nionyeshe mwanya!" anaita. "Huu hapa!" naitikia. Tulizunguka bwawa lote hivyo, wazee wawili tukitambaa na kuitana kama kwaya.

Mara moja tu kicheko kiliniishia. Shemeji alikuwa anakata kigae cha pembeni kikavunjika, kisha cha pili. Akaitazama mikono yake akasema taratibu, "Hii nilikuwa naiweza." Hakunitazama. Kigae cha tatu kilikatika sawa, lakini mimi sikucheka tena mpaka chai ya saa kumi. Miaka ile siwezi kumrudishia, na sikujidai kwamba naweza.

Mawe yaliposhika na silikoni ikakauka mwanyani, tukafungulia maji. Siku bwawa lilipojaa, jirani wa mama, mwalimu mstaafu, alikuja kuangalia. Alipitisha kidole kwenye ukingo, akaibonyeza silikoni ya mwanyani ikabonyea, akauliza ni nani aliyefanya kazi hii, kwa maana ana bafu linalovuja.

Mama akamwelekezea shemeji mkono. "Huyo. Huyo ndiye fundi wangu."

Mwalimu akamuuliza kama ana msaidizi. Shemeji akanitazama toka juu mpaka chini, polepole, kama mtu anayepima ng'ombe sokoni.

"Ninaye mmoja," akasema. "Ni mzee, lakini usipomwacha peke yake saa ya chakula, hana neno."

Nilicheka mpaka nikakosa nguvu, nikaketi pale pale juu ya mawe mapya, na miguu yangu yote miwili, viatu na vyote, ikatumbukia majini.